Mtoto wangu anacheza "bariyeri" kila jioni. Waliolea watoto waliotoka vitani, karibuni tuzungumze

#1 MkalimaniJuru

Wakuu, poleni na shughuli. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mimi ni mkalimani hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilaya ya Isingiro, Uganda. Huu ni mwaka wa kumi na mbili nakalia kiti cha katikati: huku mtoto au mama yake, kule mtu mwenye karatasi. Napokea Kiswahili cha Kongo mkono huu, natoa Kiingereza mkono ule. Nimetafsiri maneno ya watoto ambayo mpaka leo sijamwambia hata mume wangu. Kwa hiyo nilijiona mjuzi.

Machi 2025 nikaletewa mtoto wa dada yangu, yaani mwanangu, maana kwetu mtoto wa dada ni wako. Miaka minane. Alitoka Goma baada ya mji kuchukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, akavukia mpakani Bunagana, akakaa kituo cha kupokea wakimbizi cha Nyakabande kule Kisoro, halafu lori likamleta huku. Alikuja na mama mmoja jirani yao. Dada yangu hatujui aliko.

Wiki ya kwanza alikula, akasalimia watu wazima, akachota maji bila kutumwa. Majirani wakanipongeza: huyu hana shida, wa kwako ana bahati. Na mimi nikaamini, mimi niliyekaa kwenye kile kiti miaka yote hiyo!

Wiki ya tatu ndipo mambo yakaanza. Kila jioni anafunga kamba ya nailoni katikati ya njia inayopita baina ya nyumba yangu na choo cha jirani, anasimama na fimbo, anazuia watoto wenzake. "Karte!" (yaani kitambulisho). Wasiokuwa na jani la kulipa wanawekwa pembeni, wanapigishwa magoti. Ni mchezo wa bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani, na watoto wa Kongo wote wanaujua, hata mimi niliucheza. Lakini sisi tulikuwa tunacheka. Huyu hacheki. Na kila jioni mambo yanaishia palepale: mmoja anavutwa nyuma ya migomba, mchezo unakufa, wanatawanyika. Kesho yake vilevile, neno kwa neno.

Usiku anakojoa kitandani. Mvua ikipiga mabati anaingia uvunguni. Shuleni mwalimu ananiambia anazubaa, akiitwa anashtuka kama amechomwa sindano.

Sasa kilichonifanya niandike. Ndani ya miezi miwili kijana huyu alihojiwa mara nne, watu tofauti, ofisi tofauti, na maswali karibu yaleyale: ulimwona mama yako mara ya mwisho wapi? Walikuwa na nguo gani? Ulisikia nini? Mara ya nne alijibu vizuri sana, kama anasoma shairi la darasani, uso mkavu. Mhoji akaniambia anaonekana anaendelea vizuri. Usiku ule alilowesha godoro mara mbili na akamng'ata binti yangu mkono.

Nikakumbuka watoto wote niliowatafsiria nikasema moyoni "huyu ni jasiri".

Msimamo wangu kwa sasa, na mnikosoe: watoto hawa tunawasimulisha wakati hawataki, halafu wakitaka kusema wenyewe, tena saa tunapika au tumechoka, tunawaambia nyamaza, sahau, Mungu yupo.

Nilichojaribu mpaka sasa. Usiku nimemkabidhi komeo la mlango. Yeye ndiye anafunga, anavuta mara tatu kuhakikisha, kisha ananiambia "mama, imefungwa". Hakuna mwingine anayeligusa. Chakula kinaliwa saa ileile hata kama ni posho (ugali) na chumvi tu. Nikienda kazini namwambia nitarudi kabla jua halijafika juu ya ule mnazi wa simu (mnara, anauita hivyo), na nahakikisha nimerudi. Siku moja nilichelewa nusu saa, nikalipia siku tatu.

Maswali yangu: mchezo ule niuzuie au niuache? Akiniuliza mama atakuja lini nijibu nini? Na je, kweli kuna faida yoyote ya mtoto kusimulia, au ni kuchokonoa kidonda?

#2 BodaWaMbarara

Pole sana mama. Nimeweka kambi hapa, nasoma.

#3 Kisumuni_Oyee

Msinikasirikie. Babu zetu walipita vita vya Amin, vya msituni, njaa, vyote. Nani aliwapa ushauri nasaha? Mtoto ale, aende shule, apewe mpira. Haya mambo ya kiwewe yameletwa na watu wa miradi ili wapate pa kuandikia ripoti. Watoto wanasahau.

#4 LatinoGulu *(jina la utani tu, mimi ni mwanamke)*

Kisumuni, babu zetu hawakusahau. Walikunywa pombe na kupiga wake zao, tukaita ni tabia.

Mimi ni Mwacholi, Kiswahili nilikiokota kwa wanajeshi na kwa wafanyabiashara, mnisamehe ngeli. Nilikuwa mtoto wa wale waliokuwa wakitembea jioni. Wadogo hapa labda hamjui: miaka ya 2003, 2004, jua likielekea kuzama, vijiji vinamwaga watoto barabarani. Kila mmoja na kipande cha blanketi kichwani, tunaingia Gulu mjini kulala kwenye baraza za maduka, stendi ya mabasi, uwanja wa hospitali ya Lacor. Maelfu kwa maelfu. Asubuhi tunarudi nyumbani kwa miguu, wengine moja kwa moja shuleni na tongotongo machoni. Yote hayo kukwepa watu wa Kony, waasi wa LRA, wasitubebe usiku.

Mpaka leo nina miaka thelathini na kitu, na saa kumi na mbili jioni ikigonga miguu yangu inawasha. Nikiwa Kampala kwenye foleni ya Wandegeya, ndani ya teksi, miguu inataka kutembea. Huko ndiko "kusahau".

Lakini mama Mkalimani, nikwambie kilichotuokoa wengi. Tulikuwa pamoja. Nilikuwa na dada watatu wa njiani, wasio ndugu zangu, tunalala tumebanana kama vijiti vya kiberiti, na mkubwa wetu alikuwa na kanuni: kabla ya kulala kila mtu aseme kitu kimoja cha kuchekesha cha siku hiyo. Nilikuwa natafuta kichekesho tangu asubuhi ili nisikose cha kusema usiku. Hakuna mradi uliotufundisha hilo.

Waliotekwa kweli, hao ni habari nyingine. Binamu yangu alirudi baada ya miaka minne. Nyumbani walimfanyia *nyono tong gweno*: wanaweka yai njiani na kitawi cha mti wa *opobo* na ule mti wa kufungulia ghala, *layibi*, mtu anakanyaga yai kisha anaingia kwao. Wazungu wengi wameandika juu ya yai. Mimi nilikuwepo, na nilichokiona si yai. Niliona wajomba waliosimama pande mbili wakimtazama usoni, hata yule ambaye kaka yake aliuawa. Maana ya shughuli ile ni kwamba kuanzia pale hakuna mtu wa ukoo atakayesema hajui kama umerudi.

Na bado haikutosha. Shuleni walimwita mtoto wa Kony. Kisimani wanawake walichota maji baada yake kwa ndoo nyingine, wakisema ana *cen*, roho za waliokufa zinamfuata. Aliniambia msituni alilala vizuri kuliko pale. Kwa hiyo mtoto anaweza kutoka vitani akapigwa vita nyumbani. Wenye hali mbaya zaidi ni waliozaliwa kulekule msituni, kwa sababu hawana ukoo wa baba, na kwetu bila ukoo wa baba huna shamba. Unasihi gani utampa kijana asiye na mahali pa kupanda mihogo?

#5 MzeeWaBombo

Nimestaafu jeshi. Nasoma habari hizi na mjukuu wangu ndiye anaandika, mimi nasema.

Dada wa Gulu amesema kweli. Nilihudumu kaskazini. Tulikuwa tunaokoa watoto kwenye mapigano, tunakuja nao kambini. Wengine miaka kumi, kumi na moja, vidole vina sugu ya bunduki. Ukimwambia "keti" anaketi. Usipomwambia "simama" hasimami mpaka jioni. Alikuwa anangoja amri ya kwenda haja!

Nikiri jambo. Mimi kitu cha kwanza nilikuwa nauliza: mmeficha wapi silaha? Mkubwa wenu yuko wapi? Kwa askari hilo ni swali halali, wenzangu walikuwa wanakufa. Lakini leo nina wajukuu, naona nilimuuliza mtoto mwenye njaa habari za vita kabla ya kumpa uji. Kulikuwa na mpishi wetu, mtu wa Lango, yeye alikuwa haulizi kitu. Anampa mtoto kisu na viazi, anasema nisaidie kumenya. Watoto walikuwa wanamfuata mpishi kama vifaranga. Kwake ndiko walikoanza kusema majina yao ya nyumbani, maana msituni walipewa mengine.

Huyo komeo uliyompa kijana ni kazi ya askari wa zamu. Umefanya vizuri. Mtu mwenye zamu haogopi sana kama mtu asiye na kazi.

#6 MkalimaniJuru

Mzee wangu, asante. Mwambie mjukuu nimemwombea baraka. Hilo la viazi nimelichukua.

#7 Mnasihi_Isingiro

Habari zenu. Nafanya kazi ya unasihi wa watoto, nimezunguka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Rwamwanja na Kyaka II. Nijibu maswali ya mama, nianze na la mwisho kwa sababu ndilo linalogombanisha watu.

Kumbukumbu ya siku ya kawaida ina tarehe na mahali. Ukikumbuka harusi unajua ilikuwa Masaka, mwaka fulani, imepita. Kumbukumbu ya hofu kuu mara nyingi huhifadhiwa vipandevipande: harufu, mlio, joto, moyo kudunda, lakini bila ile mhuri ya "lini" na "wapi". Kwa hiyo mvua ikigonga mabati, mwili wa mtoto haukumbuki Goma. Upo Goma. Ndiyo maana kumwambia "usiogope, ni mvua tu" hakumsaidii sana, kwani masikio yake yanakusikia ila mwili haujarudi.

Sasa, kwa nini kuhojiwa mara nne kulimwumiza, ilhali kuna tiba ya kusimulia inayoponya? Mhoji anaruka moja kwa moja kwenye kipande kibaya, anachukua anachotaka kwa ajili ya fomu, anafunga faili na kumwacha mtoto kule kule. Hakuna aliyemrudisha. Na mtoto mjanja hujifunza kusema maneno huku ameuacha mwili nje, ule "uso mkavu" uliouona.

Kwenye tiba tunakwenda kwa mpangilio, tangu kuzaliwa. Ipo njia iliyofanyiwa majaribio hapahapa Nakivale miaka ya 2000, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, wakiwemo watoto, na katika jaribio moja waliofundishwa kuitoa walikuwa wakimbizi wenyewe, si madaktari. Tunatandaza kamba sakafuni. Ncha moja ndiyo siku uliyozaliwa. Mtoto anaweka ua kwa kila jambo jema alilokumbuka, na jiwe kwa kila baya. Jiwe kubwa, jiwe dogo, anachagua mwenyewe. Siku ya kwanza hatuzungumzii jiwe lolote, tunaiangalia tu kamba. Vikao vinavyofuata tunasogea polepole: kabla ya jiwe kulikuwa na nini, uliona nini, mwili ulihisi nini, na sasa hivi mwili unahisi nini, na baada ya hapo ukaenda wapi. Hatumwachi juu ya jiwe. Tukilifikia, kikao hakifungwi mpaka tumevuka upande wa pili. Na kipande cha kamba kilichobaki kimekunjwa hakikunjuliwi, kwa sababu hayo ni maisha yake ambayo hayajafika.

Nimeona watoto wakishangaa jambo moja: maua ni mengi kuliko walivyodhani.

Lakini TAFADHALI, mtu asisome hapa akaenda kutandaza kamba sebuleni. Hii inafanywa na aliyefundishwa na mwenye mtu wa kumsimamia. Ukifungua usichoweza kufunga umemwongezea mtoto.

Ndugu Kisumuni, nusu ya maneno yako nayakubali. Watoto walio wengi hupata nafuu bila mnasihi, wakipata usalama, mtu mzima mtulivu mmoja, shule, na chakula. Wiki za kwanza kukojoa, kung'ang'ania nguo ya mama, ndoto mbaya, ni mwili unafanya kazi yake, si ugonjwa. Ninaanza kuangalia kwa jicho lingine yakipita mwezi na hayapungui, au mtoto akiacha kucheza, akiacha kula, akijiumiza, akisema heri ningekufa. Hapo usingoje. Lile la mpira, hapana. Kati ya vijana wa kambi za wakimbizi wa ndani kule Gulu ulifanyika utafiti, matokeo yake yakatoka 2007: vijana 314 wa miaka 14 hadi 17, kundi moja likakaa kuzungumza juu ya huzuni na mahusiano yao, jingine likapewa michezo na sanaa, la tatu likasubiri. Waliozungumza kwa makundi walipungukiwa na sononi, hasa wasichana. Wa michezo hawakupishana na waliokuwa wakisubiri. Michezo ni mizuri, mtoto ana haki ya kucheza, ila mpira peke yake hautoi jiwe.

Mchezo wa bariyeri: usiuzuie. Uangalie kama unabadilika. Mchezo unaobadilika unafanya kazi. Mchezo uliokwama palepale kila siku unaomba mtu wa kuusukuma kidogo. Ingia ucheze nao. Uwe msafiri mwenye kuku wawili na mtoto mgongoni. Usimfundishe kitu, pita tu, halafu uone anakufanya nini.

Na kitanda: turubai chini ya shuka, asipewe chai usiku sana, aamshwe mara moja, asubuhi mfue pamoja kimya kimya kama mnavyoosha vyombo. Asianikiwe shuka mbele ya watoto wa jirani.

#8 Kisumuni_Oyee

Sawa. Nusu nimekupa, nusu umenipa. Lakini kwa wale watu wa miradi bado sijabadilisha mawazo.

#9 Mnasihi_Isingiro

😂 Hata mimi siku nyingine sijabadilisha.

#10 Mwl_Kasese

Niongeze upande ambao haujasemwa. Ninafundisha sekondari wilaya ya Kasese, jina la shule tuliache.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, Mpondwe, waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha wakachoma bweni na kuua wanafunzi 37, na watu wengine, wakavuka kurudi Kongo. Shule yangu haiko karibu, lakini kesho yake wanafunzi wangu wa bweni hawakutaka kulala ndani. Wavulana wa kidato cha pili, warefu kuliko mimi, wamesimama na magodoro uwanjani. Kitu nilichosema, na hadi leo nakijutia: "Wanaume hawaogopi." Mwenzangu, mwalimu wa kike wa hesabu, akatoa kiti akakaa nao nje. Akawauliza mlango upi unafunguka kwa ndani na upi kwa nje. Wakagundua mlango wa nyuma wa bweni ulikuwa umefungwa kwa mnyororo tangu muhula uliopita. Siku ile ile mnyororo ukakatwa, dirisha moja likaondolewa nondo. Usiku wa pili wakaingia kulala, watatu kwa kitanda.

Nimejifunza kuwa hofu ya mtoto wakati mwingine ina taarifa ndani yake. Ukiiita kiwewe tu, unaacha mlango umefungwa na mnyororo.

Halafu kuna mto. Nyamwamba ulitutoa 2013, ukarudi Mei 2020, ukaondoka hata na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Vita unaweza kumwambia mtoto vimekwisha, au tumeviacha ng'ambo. Mto uko palepale. Mlima Elgon ni hivyohivyo, Bududa maporomoko yaliua Machi 2010, yakarudi 2018. Utamwambia nini mtoto wa Bududa, "haitatokea tena"? Atakuona mwongo masika yajayo, na akishakuona mwongo hata komeo hataliamini.

Sisi tulichofanya na watoto wa shule ya msingi jirani ni kuwapa mto wenyewe. Tulichora ramani kwa mkaa ukutani, kila mtoto akaonyesha kwao. Tukaweka mawe yaliyopakwa rangi kwenye ukingo: maji yakifika jiwe jeupe tunaangalia, jekundu tunapanda kilimani kwa bibi fulani. Tukafanya mazoezi ya kupanda, nani anabeba mdogo, nani anafungua mbuzi. Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa akilia kila wingu likitanda juu ya Rwenzori. Tukampa kazi ya kusoma jiwe. Sasa mawingu yakija anauliza ruhusa atoke darasani, anaenda, anarudi, anasema "jeupe bado kavu", anakaa, anaendelea na hesabu. Bado anaogopa, lakini sasa hofu yake ina kazi ya kufanya.

#11 BintiYumbe

Mwalimu, na viboko? Naomba hilo lisipite. Huku kambini Bidibidi watoto wa Sudan Kusini wanachapwa kwa "kuzubaa" darasani. Sheria ya watoto ilivyorekebishwa 2016 imekataza kuchapa shuleni, lakini fimbo bado iko mezani. Mtoto aliyeshtuka akichapwa anashtuka mara mbili. Mdogo wangu aliacha shule kwa hilo, si kwa vita.

#12 Mwl_Kasese

Kweli kabisa, nami nilichapa miaka mingi. Sasa mwanafunzi akizubaa namwita jina taratibu kutoka mbele, simfuati kutoka nyuma. Namwambia shika dawati, ni baridi au moto? Unaona vitu vingapi vya kijani? Akirudi tunaendelea. Inachukua dakika moja, kiboko kilikuwa kinachukua dakika tano pamoja na kelele.

#13 MkalimaniJuru

Ndugu zangu, nimesoma yote kwa sauti, mume wangu anasikiliza. Hakuna aliyejibu swali la mama yake. Kila Jumapili ananiuliza. Wa kanisani wananiambia nimwambie mama yuko Goma anafanya kazi, atakuja Krismasi.

#14 LatinoGulu

Usidanganye dada. Sisi tuliambiwa baba yuko Sudan anatafuta pesa. Kila mgeni aliyepita nilimkimbilia. Nilipojua ukweli nilichukia waliobaki kuliko waliomuua.

#15 Mnasihi_Isingiro

Naungana naye. Mwambie kile unachokijua na pale kinapoishia. "Sijui mama yuko wapi. Ninamtafuta. Nikijua chochote, kizuri au kibaya, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa." Halafu mtafute kweli, na yeye akuone unamtafuta. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana ndani ya makambi, bure, na wanapigisha simu. Nendeni pamoja akatoe jina la mama kwa mdomo wake. Safari hii anasema kwa ajili ya jambo lake mwenyewe, si kwa ajili ya fomu ya mtu.

Msifanye matanga, kwa kuwa hakuna maiti. Lakini msimwache bila mahali pa kuweka huzuni. Nawajua wanaotenga sahani Jumapili, nawajua wanaoandika barua na kuziweka kwenye kopo. Muulize mwenyewe.

Kitu kingine mama, nikuulize bila kukuvunjia heshima: huyo anayetafutwa ni dada yako. Wewe unalala?

#16 MkalimaniJuru

Silali.

#17 MzeeWaBombo

Mwanangu, zamu haishikwi na mtu mmoja usiku kucha. Hata jeshini tunabadilishana. Mume wako ashike mpaka saa nane.

#18 BodaWaMbarara

Kwa wanaosoma kimya: namba ya watoto ni 116, inaitwa Sauti, hailipiwi. Niliitumia kwa mtoto wa jirani aliyekuwa anapigwa. Siyo ya vita tu.

#19 Mnasihi_Isingiro

Asante boda. Na kituo cha afya cha daraja la nne mara nyingi kina muuguzi wa afya ya akili, anzeni hapo kabla ya kufikiria Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili. Mama, huyo muuguzi ni wako pia, si wa mtoto peke yake.

#20 MkalimaniJuru *(baada ya wiki tano)*

Nimerudi na taarifa, wengine mliniuliza pembeni.

Tulienda Msalaba Mwekundu. Alitaja jina la mama yake, la bibi, na la mbwa wao. Yule kijana wa ofisini aliandika na la mbwa, Mungu ambariki. Jibu hakuna bado.

Ofisi moja ilipotaka mahojiano ya tano niliomba wachukue yaliyoandikwa na wenzao. Walinuna. Baadaye walikubali. Na kazini sasa, kabla sijatafsiri swali la kwanza kwa mtoto, namuuliza mhoji kama yupo tayari kukaa mpaka mtoto arudi. Mmoja aliniambia mimi si mtaalamu. Nikamtafsiria hivyo hivyo mama wa mtoto, tukacheka wote wawili.

Kamba wameanza na mtu aliyefundishwa, vikao vitatu. Sijui kinachosemwa humo, na sijauliza. Alirudi na ua la mgomba mfukoni.

Bariyeri: nilipita na kuku wawili wa maboksi na mwanasesere mgongoni. Siku ya kwanza alinipigisha magoti. Ya pili vilevile, magoti yaliuma kweli. Siku ya sita au ya saba alitazama wale kuku, akauliza wanauzwa? Nikasema ndiyo. Akashusha kamba, akanunua mmoja kwa majani manne, akairudisha kamba, akamzuia mwingine. Jana walikuwa na soko upande mmoja wa kamba na bariyeri upande wa pili. Watoto wa Burundi wa mstari wa chini wamekuja na kwepena yao (mchezo wa kukwepa mpira), wanagombea uwanja naye.

Juzi pikipiki ililipuka eksozi karibu na choo. Alilowesha kitanda siku mbili mfululizo na hakutaka shule. Mume wangu alishika zamu mpaka saa nane.

Komeo bado analivuta mara tatu.

#21 MzeeWaBombo

Mwambie akivuta komeo alipake mafuta kidogo, lisishike kutu. Ya kupikia yanafaa.